Mkasi wa Chumba cha Giza

“Tena usinijibu kama vile nimeanza leo! Nimekwambia mwaka juzi, nimekwambia mwaka jana, nimekwambia mwezi uliopita nikiwa nimesimama hapa hapa. Bahasha ndogo. Ndo-go! Filamu haiingii. Wewe ukienda kuagiza unapima kwa nini, kwa kiganja chako?”

Bwana Stoo alikuwa amekalia katoni jipya la bahasha, anatafuna njiti ya kiberiti, miguu inaning’inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi.

“Mama Giza, niliambiwa nilete bahasha. Hizi ni nini? Ni mabati?”

“Nilikuandikia vipimo.”

“Uliviandika nyuma ya karatasi ya sabuni.”

“Na hiyo sabuni ilikupofusha?”

“Mkasi unao, mama. Kata. Miaka yote unakata, leo umeota pembe?”

Akashuka kwenye katoni, akalisukuma kwa mguu mpaka ndani ya chumba cha eksirei, akaenda zake. Hata pole hakusema. Mama Giza akabaki anaongea na mlango.

Sikiliza vizuri hapa, maana ukipitwa hapa umepitwa na yote. Hospitali ile ilikuwa na mashine ya eksirei, tena nzima, inapiga picha safi. Picha ikipigwa inatoka kwenye filamu, ile karatasi nyeusi ya plastiki unayopewa ukaione kwenye mwanga. Zamani filamu zilikuwa za saizi mbili, ndogo na kubwa. Ndogo zikaacha kuja. Zikabaki kubwa tu. Lakini bahasha za kuzitia zikaendelea kuja zile zile ndogo, zimepungua upana wa vidole viwili. Vidole viwili tu! Sasa watu wenye akili wangefanya nini? Wangeagiza bahasha kubwa. Wale wakatafuta mkasi.

Hakuna aliyekaa kikao akaamua. Mtu alikata siku moja ili amalize kazi, mwingine akaona, ikawa sheria. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua: upande wenye namba ya mgonjwa usiguswe, kata upande wa pili. Namba ikipotea ni kesi. Mwili ukipotea, mwenyewe atajijua.

Na aliyekuwa anakata ni Mama Giza.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Hata waliomwajiri walimwita hivyo, kwa sababu ya kile chumba kisicho na dirisha anamooshea filamu, taa moja nyekundu, harufu ya dawa inayokupanda puani mpaka unaionja. Shule aliishia darasa la sita, baba alipofariki na mdogo wake akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Akaanza hospitalini kama mfagizi. Mzee aliyekuwa anaosha filamu alipoharibika macho, wakamwangalia nani yuko karibu, wakamwona yeye. “Ingia humo, mama. Ni kuosha tu. Kama vyombo.”

Kama vyombo! Miaka kumi na tisa.

Beseni la kwanza dawa, la pili maji, la tatu dawa nyingine, la nne maji tena. Saa ya ukutani iliharibika mwaka wake wa pili, hakuna aliyeitengeneza, kwa hiyo alijifunza kuhesabu muda kwa kusema watu moyoni. Bwana Stoo peke yake alikuwa anachukua dakika nzima. Filamu ikiwa na haraka alimsema mama mkwe wake wa zamani, yule alikuwa mfupi, sekunde ishirini anaisha.

Sasa wewe osha vyombo vya nyumba moja miaka kumi na tisa, halafu uniambie kama hutajua nani halali vizuri na nani anaficha nyama. Macho hayana darasa la sita wala la saba. Mama Giza alijua goti lililochoka: ile nafasi kati ya mfupa na mfupa imepotea, mifupa inasagana kama meno ya mtu anayeota vibaya. Alijua ufa wa mkono uliokonda kama unywele, ambao wengine wanaupita. Alijua kifua chenye maji, yamekaa chini yamenyooka kama chai kwenye kikombe. Alijua pafu zuri linavyotakiwa kuwa: jeusi, tulivu, kwa sababu ni hewa, na hewa kwenye filamu ni nyeusi. Ukiona weupe pasipo mfupa, uliza.

Lakini amuulize nani? Daktari aliyesomea kusoma picha peke yake, hospitali ile haijawahi kuwa naye. Kila daktari alisoma za kwake. Wa mifupa akisoma, anasoma mfupa. Kingine chote kwake ni ukuta wa nyuma.

Asubuhi hiyo hiyo ya ugomvi wa bahasha, akaja seremala.

Hakuwa mgeni. Ni yule mwenye karakana karibu na kituo cha mafuta, anayeunga milango bila msumari hata mmoja. Ilikuwa mara yake ya tatu kupigwa picha ya bega. Bega la kulia lilimuuma mpaka randa haishikiki. Mara mbili alishapigwa sindano begani, akapoa wiki mbili, likarudi. Mke wake alikuja naye, mtoto mgongoni.

“Mama Giza,” seremala akamwita akiwa kwenye benchi, “mlango wako unalia kama paka aliyefungiwa. Niite nikuunganishie.”

“Jiunge bega kwanza wewe, ndiyo uje kuunga mlango.”

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akaziba mdomo kwa kiwiko.

“Na hicho?” Mama Giza akauliza.

“Vumbi la mbao hilo. Baba yangu alikohoa hivi hivi akafika miaka themanini.”

Mke wake hakucheka. Akamkaza mtoto mgongoni, akatazama pembeni.

Mpiga picha wao aliitwa Usipumue, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoyasema zaidi maishani mwake. Vuta pumzi, usipumue, haya pumua. Mtu mpole, hagombani na nzi. Akamsimamisha seremala, akamweka bega kwenye filamu kubwa, ndiyo iliyokuwepo, na filamu ilivyokuwa kubwa ikashika bega lote na kipande cha juu cha pafu. Akapiga. Akaipitisha kwenye kidirisha cha chumba cha giza.

Siku hiyo zilikuwa filamu kumi na moja, na daktari wa mifupa alishatuma mtu mara mbili kuuliza picha zake. Mama Giza akaosha, akatundika kwenye kamba chumba cha kukaushia, bado zinadondosha maji, akaanza kukata. Namba ya seremala ilikuwa upande wa nje, upande wa mkono. Kwa hiyo akakata upande wa ndani. Upande wa kifua. Kraa! Ukingo ukaanguka kwenye boksi la vipande, filamu ikaingia kwenye bahasha, ikaenda.

Hakuangalia. Hilo lazima lisemwe, na yeye mwenyewe analisema. Alikuwa bado anamsema Bwana Stoo moyoni, mkono unakata wenyewe.

Saa saba ikapita. Wagonjwa wakapungua. Kile chumba cha kukaushia kilikuwa na kioo kilichopasuka, jua linapiga humo moja kwa moja, na Mama Giza akataka kipande cha filamu akibandike kwenye ufa. Ndivyo vipande vilivyotumika. Vinyozi walivijia, watu wa kuandika vibao walivijia, mtu yeyote aliyetaka plastiki ngumu alijua boksi liko wapi. Akachukua cha juu. Akakiinua kwenye kioo.

Akakishusha. Akafuta macho kwa upande wa juu wa mkono, maana vidole vilikuwa na dawa. Akakiinua tena.

Juu kulikuwa na ncha ya mtulinga, ule mfupa unaovuka juu ya kifua, na vipande vya mbavu mbili. Katikati, kwenye weusi wa pafu, kulikuwa na doa jeupe limechafuka, na ndani ya doa tundu. Duara kabisa, jeusi, lina ukuta mnene kuzunguka. Kama mtu kachukua sigara akachoma pazia.

Matundu ya namna ile aliwahi kuyaona. Mara nyingi. Wenye nayo walikuja wanakohoa, wamekonda, na mara nyingi walikuja wamechelewa.

“Usipumue!” akapiga kelele. “Wee, njoo hapa!”

Mpiga picha akaja na kikombe cha chai mkononi, akatazama, akasahau kunywa.

“Ya nani hii?”

“Ndiyo nakuuliza wewe! Bega ulipiga la nani leo?”

“Mawili. Seremala, na yule bibi aliyeanguka bafuni.”

“Bibi alikuwa kushoto. Hii ni kulia.”

“Basi… inaweza kuwa seremala.”

“Inaweza kuwa? Umepiga wewe mwenyewe!”

“Mama, taratibu. Mimi napiga, wewe unaosha, daktari anasoma. Mimi nikienda kule niseme nini? Nimesoma ukingo uliookotwa kwenye boksi? Ataniuliza nani kanipa ruhusa.”

“Seremala anapigwa sindano saa ngapi?”

Usipumue akatazama saa yake. “Saa nane.”

Wakati huo ilikuwa saa nane kasorobo.

“Wewe endelea kutopumua,” Mama Giza akamwambia. “Mimi nakwenda.”

Akatoka na aproni lake la plastiki linalodondosha maji, kile kipande amekishika juu kama mtu aliyekamata mwizi. Korido lote likageuka. Mke wa seremala alikuwa amekaa nje ya chumba cha daktari, ananyonyesha. Mama Giza hakubisha hodi. Akasukuma.

Daktari wa mifupa alikuwa amevaa glavu, sindano imeshajazwa. Seremala amekaa kwenye kitanda, shati limevuliwa, mifupa ya mgongo inahesabika. Ukutani, kwenye sanduku la taa, filamu yake inang’aa: bega zuri, safi, halina kosa. Bila shaka halina kosa. Kosa lilikuwa mkononi kwa Mama Giza.

“Daktari, samahani. Usimpige hiyo sindano.”

“Umepotea njia, mama? Huku hakuna beseni.”

“Angalia hiki kwanza.”

Daktari hakukigusa. Akakitazama kwa mbali, kama mtu anayeonyeshwa soksi.

“Hiki ni nini?”

“Ukingo wa filamu yake. Nimeukata asubuhi. Juu ya pafu lake kuna tundu.”

“Kuna tundu.” Daktari akamgeukia seremala, akitabasamu. “Unasikia, fundi? Tumeajiri daktari mpya, anatoka kwenye sabuni.” Akarudi kwake. “Kina namba hicho?”

“Hakina. Upande wa namba hatukati.”

“Hakina namba, hakina jina. Kinaweza kuwa cha mtu yeyote. Kinaweza kuwa cha kuku.”

“Kuku ana mtulinga huu?”

“Mama, toka nje.”

“Sitoki.”

“Nitamwita mkuu wako.”

“Muite! Muite na Bwana Stoo aje na bahasha zake, aje na wake zake na ukoo mzima! Sitoki!”

Na kabla hajashikwa mkono, akavuka chumba, akakisukuma kile kipande chini ya klipu ya sanduku la taa, kando ya filamu. Akakisogeza. Mkasi wake ulikuwa na skrubu iliyolegea, miaka yote, ukifika katikati ya filamu unaruka na kuacha jino dogo. Jino la kipande likaingia kwenye pengo la filamu. Mtulinga ukakutana na mtulinga. Mbavu zikapita mstari moja kwa moja, hazikukatika.

Daktari akafungua mdomo, lakini wa kwanza kusema hakuwa yeye.

“Imekaa hiyo,” seremala akasema. Alikuwa ameshuka kitandani, amesogea mpaka pua inakaribia taa. “Daktari, mimi kwenye mapafu sijui kitu. Ila kuunga najua. Vipande viwili vya miti tofauti havikai hivyo hata uvilazimishe kwa gundi. Huo ni ubao mmoja, umepasuliwa.” Akawageukia. “Sasa mniambie. Hilo shimo ni langu?”

Mlango ulikuwa wazi. Mke wake alikuwa amesimama pale na mtoto.

Daktari akavua glavu moja. Akasogea, akatazama lile tundu, safari hii kweli. Shingo yake ikabadilika rangi.

“Unakohoa tangu lini?”

“Kikohozi cha vumbi tu, daktari…”

“Usiku anabadilisha shati mara mbili,” mke akasema. “Jasho. Godoro naanika kila asubuhi. Suruali zake zote nimezipunguza. Mara ya kwanza tulipokuja nilitaka kusema, mkaniambia nisubiri nje, hili ni bega.”

“Wewe, si hapa…” seremala akaanza.

“Hapa hapa! Unataka nikasemee wapi, makaburini?”

Daktari akaiweka sindano kwenye sinia. Akaiweka taratibu sana, kama kitu kinachoweza kulia. Baadaye ndipo ilipojulikana kwa nini. Dawa ya ile sindano inatuliza uvimbe, lakini inaweza pia kulegeza ulinzi wa mwili. Mwenye kifua kikuu ukimpiga hiyo, unaweza kuwa umemlaza mlinzi na mwizi yuko ndani. Na yule bwana alishapigwa mbili.

“Nani aliyeikata hii filamu?” daktari akauliza, sauti imeshuka.

“Mimi,” Mama Giza akasema. “Mimi, kwa mkono huu. Na wewe umezipokea zimekatwa miaka sita, hujauliza hata siku moja upande mwingine uko wapi.”

Ikapigwa picha ya kifua, nzima, mbele na ubavuni. Usipumue aliipiga mwenyewe, akasahau hata kusema maneno yake, ikabidi seremala amuulize, “Nipumue au nisipumue?” Tundu likaonekana, na doa la pili dogo chini yake ambalo hata kile kipande hakikulishika. Makohozi yakapimwa, jibu likaja kesho yake. Kifua kikuu. Maumivu ya bega yalikuwa yanatoka huko juu ya pafu. Bega lenyewe halikuwa na hatia yoyote. Dawa zikaanza siku hiyo hiyo.

Ungedhani hapo watu wangepiga makofi, sivyo?

Siku ya tatu mke wa seremala akaja kwenye mlango wa chumba cha giza. Alikuwa na bahasha mbili za zamani, zimekunjika pembeni.

“Dada, hizi ni zile picha zake za mwanzo. Ya kwanza ina miezi minane. Naomba uniangalizie. Lile tundu lilikuwepo?”

Mama Giza akazitoa, akazipeleka dirishani. Bega. Bega. Zote mbili zimekatwa upande wa ndani, zimenyooka, na lile jino la mkasi katikati. Kazi yake. Angeijua gizani.

“Sijui,” akasema.

“Hujui vipi? Ile nyingine si uliiona?”

“Ile niliiwahi bado imo kwenye boksi. Kingo za hizi zimeshakwenda. Vinyozi, sijui nani. Nilizikata, mama. Zimekwenda.”

Yule mwanamke hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

“Mtoto wangu anapewa dawa ya kinga kila asubuhi,” akasema. “Anaitema, namrudishia kwa kidole. Anaitema, namrudishia. Miezi minane alilala kifuani kwa baba yake. Ahsante kwa hiyo moja uliyoiona. Lakini usitegemee nitakwambia si neno.”

Akachukua bahasha zake akaondoka.

Jioni, nyumbani, Mama Giza hakula. Mdogo wake, yule yule aliyemlea mgongoni, sasa anauza mitumba na ulimi wake ni wembe, akamwekea sahani, akaiondoa, akaiweka tena.

“Dada, walikwambia kata, ukakata. Kosa lako liko wapi hapo?”

“Niliona.”

“Uliona nini? Si hukuangalia?”

“Miaka kumi na tisa naona! Bega likija, najua pafu liko pembeni. Kiuno kikija, najua kuna vitu pembeni. Naviona, nakata. Nilikuwa nawasema wenzangu moyoni, kumbe mwenye mkasi nani? Hesabu wewe. Mimi naogopa.”

“Hukusomea udaktari.”

“Na hilo ndilo wanalolipenda. Mjinga akiwa na mkasi, kosa halina mwenyewe. Daktari anasema nililetewa hivyo. Mpiga picha anasema niliipiga nzima. Stoo anasema bahasha ni bahasha. Mimi nasema niliambiwa. Sote wasafi! Mchafu ni mgonjwa, kwa kuwa na pafu pana kuliko bahasha.”

Mdogo wake akakaa chini.

Asubuhi yake Mama Giza akaingia kazini, mkasi akaufungia kwenye kabati. Filamu zikatoka nzima. Hakuwa na bahasha ya kuzitosha, akazifunga kwa magazeti ya zamani na bandeji. Wagonjwa wakatoka getini wamebeba vifurushi kama wametoka buchani. Wengine walicheka. Lakini filamu zilikuwa nzima.

Zikapita siku nne. Ya tano akaitwa kwa msimamizi wa hospitali. Kwenye meza kulikuwa na karatasi imeshaandikwa.

“Uliingia chumba cha daktari bila ruhusa, mgonjwa akiwa hajavaa.”

“Ndiyo.”

“Ulimfokea daktari.”

“Ndiyo. Na ningekuwa na sauti kubwa zaidi ningeitumia.”

“Na sasa unatoa picha za hospitali kwenye magazeti. Unajua inavyoonekana?”

“Mheshimiwa, kwani ilivyoonekana kabla ilikuwaje?”

Msimamizi akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi, kwamba hakuna hata mmoja pale aliyekuwa mbaya. “Mama, nimekusikia. Bahasha kubwa tutaziombea kwenye maombi ya mwaka ujao. Zilizopo zimeshaletwa, zitumike mpaka ziishe. Mpaka hapo, utaratibu ni ule ule.”

“Yaani nikate.”

“Ukate kwa uangalifu.”

“Kwa uangalifu! Niangalie nini, mheshimiwa? Nisome kwanza ndiyo nikate? Si mmesema mimi si wa kusoma?”

“Usinijibu hivyo.”

“Sikati.”

Wakamhamishia chumba cha kufulia mashuka. Mshahara ule ule, heshima hakuna, mvuke mpaka kucha zinalegea. Daktari wa mifupa siku moja alimpita koridoni, akasimama, akatazama viatu vyake, akasema sasa hivi anaomba picha ya kifua kwa kila bega analolitilia shaka. Mama Giza akamuuliza: “Na zinakuja nzima?” Daktari akaenda zake.

Seremala yuko hai. Amemaliza miezi minne ya dawa, nyama kidogo zimerudi, kikohozi kimepungua. Pafu upande wa juu limebaki na kovu, ngazi akipanda mbili anasimama kusingizia anaangalia mandhari. Mkewe akikutana na Mama Giza sokoni wanasalimiana, inaishia hapo. Haki yake.

Na mkasi? Mkasi sasa anao mtu mwingine, aliyepewa chumba cha giza. Alivunja kabati siku ya kwanza, mtu mzuri tu, ana watoto, anafuata alivyoambiwa. Hata sasa unaposoma hapa, katoni la bahasha halijafika nusu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, inuka. Sitanii, inuka sasa. Una picha ya eksirei nyumbani, wewe au mama yako au mtoto wako, iko juu ya kabati au chini ya godoro. Itoe kwenye bahasha. Shika kona zake nne. Filamu ikitoka kiwandani kona zake ni za duara, hazichomi. Ukikuta upande kona zinachoma, hapo pamepita mkasi, na kipande cha mwili wako kimekwenda kwa kinyozi. Irudishe. Kesho asubuhi. Waambie nataka nzima, na nataka mtu aniambie ameona nini pembeni, si katikati tu. Wakikwambia bahasha ni ndogo, kaa chini mlangoni pao usiondoke. Wakikuita mkorofi, itika. Na kama wewe ndiye unayekata, weka huo mkasi chini.